Nasaha kwa Aliyerithi Sanduku la Santuri

Katika nyumba nyingi za nyanda za juu za Nyamira, na za Ekerenyo miongoni mwazo, limo sanduku ambalo halijafunguliwa tangu mwenyewe alipofariki dunia, na ndani yake zimo sahani za santuri, nyingine katika majalada ya karatasi yaliyotafunwa na mende, nyingine tupu bila ya jalada lolote, na warithi hawaafikiani la kufanya nazo. Kijana asema zitupwe, kwa kuwa kila wimbo wa dunia umo katika simu. Binti aliyesoma Nairobi asema zitunzwe, kwa kuwa amewaona watu wa mjini wakizinunua kwa bei kubwa na kuapa kwamba sauti yake ni bora kuliko ya simu. Na mama mzee, ambaye ndiye aliyezicheza nyimbo hizo katika ujana wake, hakuulizwa. Makala haya nimewaandikia warithi wa namna hiyo, pamoja na wale ambao hawakurithi kitu lakini wameingiwa na tamaa ya kununua kinanda cha santuri, ili kila mmoja ajue apatalo na akosalo kabla hajatoa fedha yake mfukoni au hajaitia motoni mali ya baba yake.

Nitaanza na hukumu ambayo wapenzi wa santuri, nami nikiwa mmoja wao, hawaipendi: kwa usafi wa sauti peke yake, santuri ilikwisha kushindwa zamani. Sahani ya santuri ni mfuo mmoja mrefu unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na karatasi ya katikati, na kuta za mfuo huo zimepindapinda kwa kadiri ya mawimbi ya sauti yaliyochongwa humo. Sindano hupita baina ya kuta hizo ikatikiswa nazo, na mtikiso huo ndio ugeuzwao kuwa umeme, kisha kuwa sauti. Basi lolote lililomo katika mfuo sindano hulisoma, wala haibagui baina ya gitaa na chembe ya vumbi. Aidha, mfuo wa ndani hupita chini ya sindano polepole kuliko ule wa ukingoni, kwa kuwa duara yake ni ndogo ilhali mizunguko kwa dakika ni ile ile, na kwa sababu hiyo wimbo wa mwisho wa kila upande huwa na ukwaruzi katika sauti za juu ambao wimbo wa kwanza hauna. Na kila sahani ichezwapo hulika kidogo. Na lau kinanda kilikuwa kile cha betri cha zamani, ambacho wenyewe walizoea kukiwekea sarafu juu ya mkono wa sindano ili isirukeruke, basi hulika si haba.

Sauti ya kidijitali haina taksiri hizo. Katika diski ya CD, iliyoingia sokoni Japani mwaka 1982, wimbi la sauti hupimwa mara 44,100 katika kila sekunde, na vipimo huandikwa kwa tarakimu, na tarakimu hazikwaruziki wala haziliki kwa kusomwa. Wapo wadaio kwamba sauti iliyopimwa hivyo imekatwa vipande vipande, na kwamba baina ya kipimo na kipimo kuna pengo ambalo santuri haina. Dai hilo ni tamu kulisikia lakini halisimami, kwa maana hesabu ya mawimbi imekwisha kuthibitisha kwamba kila mtikiso ulio chini ya nusu ya idadi ya vipimo hurejeshwa mzima, na nusu hiyo ni 22,050, ilhali sikio la kijana mwenye afya husikia hadi mitikiso 20,000 kwa sekunde, na la mzee halifiki huko. Tena ukiichukua santuri ile ile unayoisifu, ukainakili katika tarakimu kwa uangalifu, nakala itakuwa na utamu wote wa santuri pamoja na mchakacho wake, na hodari wa kusikia akifumbwa macho atashindwa kubainisha ipi ni ipi.

Mbona basi mzee akisikilizishwa wimbo wa zamani katika simu ya mjukuu hutikisa kichwa na kusema kwamba huo siwo wimbo aujuao? Mzee hasemi uongo. Chukua obokano, kile kinubi kikubwa cha Abagusii chenye nyuzi nane, ambacho uvumi wake mzito mtu huuhisi kifuani kabla ya masikio kuupambanua: spika ya simu, isiyozidi ukubwa wa ukucha, haina uwezo wa kusukuma hewa ya kutosha kuutoa uvumi huo, na kisikikacho ni sauti ya mwimbaji na mkwaruzo wa nyuzi, obokano wenyewe umetoweka. Hapo kosa ni la spika, si la tarakimu. Unganisha simu hiyo hiyo na spika kubwa, na sehemu kubwa ya malalamiko itakwisha. Sehemu iliyobaki ni kosa la nakala. Dakika moja ya sauti ya CD hujaza takriban megabaiti 10, lakini faili za MP3 zinazopitishwa kutoka simu hadi simu, zile za kiwango cha kilobiti 128, huchukua pungufu ya megabaiti moja kwa dakika, na zilizobaki zimetupwa kwa kukisia kwamba sikio halitazitambua. Kukisia huko kulifanywa na watu wenye elimu, na mara ya kwanza hakudhuru sana. Lakini nyimbo nyingi za zamani tunazojaziwa katika flashi madukani zilitolewa katika kaseti iliyochakaa, zikabanwa, zikapandishwa kwenye intaneti zikabanwa tena, zikashushwa zikabanwa mara ya tatu, hata zilipomfikia mzee wa Ekerenyo hazikuwa na haki ya kuitwa nakala.

Kwa hiyo fadhila ya santuri, ijapokuwa wauzaji wa Ulaya na Marekani huitafuta katika utamu wa sauti, kwetu sisi imo katika jambo jingine kabisa, nalo ni kwamba mara nyingi sahani hiyo haina mwenziwe. Historia yake si ndefu. Siti binti Saad alisafiri kwenda Bombay mwaka 1928 ili sauti yake iingie katika santuri, kwa kuwa Afrika Mashariki haikuwa na pa kuifanyia kazi hiyo. Baadaye Nairobi ikawa ndio soko na ndio kiwanda, akina Fadhili William na Daudi Kabaka wakaimba katika studio ya Equator ya Charles Worrod, wanamuziki wa Kongo wakahamia huku, na bendi za Tanzania, nchi ambayo haikuwa na kiwanda cha kuzichapa, zikachapishiwa santuri zao Kenya. Zilizouzwa sana ziliuzwa sana. Lakini zilikuwapo pia sahani za lugha za nyumbani, za akina Christopher Monyoncho na wengine wa Kigusii ambao majina yao hayakuvuka milima yetu, zilizochapwa kwa soko dogo la watu wanaoelewa maneno. Miaka ya 1980 kaseti za wizi ziliwaharibia wenye kampuni biashara, kampuni zikafungwa moja baada ya moja, na kanda nyingi za asili zikapotea pamoja nazo. Basi akuambiaye kwamba kila wimbo umo katika simu, mpe sahani moja ya Kigusii kutoka sanduku la baba yake, asome jina lililoandikwa juu ya karatasi, autafute wimbo huo katika simu, nawe keti umngojee.

Na nakala ikifanywa vizuri huweza kurudi mahali ambapo asili haikubaki. Majirani zetu Wakipsigis waliimbiwa na binti zao wimbo wa Chemirocha mwaka 1950 mbele ya mashine ya Hugh Tracey, aliyekuja baadaye, mwaka 1954, kuanzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika huko Afrika Kusini. Wimbo huo ulikaa ng'ambo zaidi ya miaka sitini kabla ya nakala zake kurudishwa vijijini, na kilichowezesha kurudi kwake ni tarakimu. Lau asili isingetunzwa, hapangekuwa na cha kurudisha. Lau isingenakiliwa, ingebaki kabatini.

Sasa tulifungue sanduku. Jambo la kwanza ni kuzipambanua sahani kwa jinsi, kwa kuwa dawa ya hii ni sumu ya ile. Sahani nzito, ngumu, ivunjikayo kama chungu ikianguka, na iliyoandikwa 78, ni ya lakri, yaani utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Hiyo ni ya zamani zaidi, hubeba takriban dakika tatu kila upande, na haikubali spiriti kabisa, kwa maana spiriti huiyeyusha lakri na kuufuta wimbo mbele ya macho yako. Sahani nyepesi, ipindikayo kidogo ukiishika, ni ya plastiki ya vinili: kubwa ya mizunguko 33 na thuluthi kwa dakika, ambayo Columbia ya Marekani iliitoa mwaka 1948, au ndogo ya mizunguko 45, iliyotolewa na RCA mwaka uliofuata, na hii ndogo ndiyo itakayokuwa nyingi katika masanduku ya kwetu. Mfuo wa sahani ya 78 ni mpana takriban mara tatu ya mfuo wa vinili, na kila mmoja una sindano yake. Kuicheza 78 kwa sindano ya vinili ni kusugua uchafu wa chini ya mfuo, na kuicheza vinili kwa gramafoni ya kupinda kwa mkono, yenye sindano ya chuma na kichwa kizito, ni kuichimba. Hata mara moja usifanye.

Kuosha si kazi ngumu ila yataka subira. Nunua katika kituo cha petroli maji yaliyosafishwa ya kuongezea betri ya gari, na uhakikishe ni maji, si asidi yake. Tia tone moja la sabuni ya vyombo katika bakuli. Chovya kitambaa laini kisichoacha nyuzi, upanguse kwa kufuata mzunguko wa mfuo, kamwe usikate mfuo kwa kupangusa kutoka katikati kwenda nje, na karatasi ya katikati isiguswe na maji. Suuza kwa maji matupu ya namna ile ile, kausha kwa kitambaa kingine, usimamishe sahani kivulini. Ikiwa imeota ukungu, nayo aghalabu imeota, fanya kazi hiyo nje ya nyumba nawe umefunika pua.

Ukungu ndio adui mkuu katika nchi hii ya mvua, mahali ambapo hata mwezi unaoitwa wa kiangazi hauaminiki. Maji hayaidhuru plastiki, bali hulidhuru jalada, na jalada likioza huiambukiza sahani. Zisimamishe sahani wima, wala usizilaze moja juu ya moja, kwa maana ile ya chini hupindika kwa uzito. Sanduku liinuliwe kutoka sakafuni, liwe mbali na ukuta wa jikoni na moshi wake, na lisiwekwe darini chini ya mabati, ambako joto la adhuhuri huilainisha vinili na baridi ya usiku huikaza katika umbo jipya. Usizifunge katika mifuko ya nailoni iliyobana, ukidhani unazikinga, kwa kuwa unaufungia unyevu ndani pamoja nazo.

Tuje kwenye kinanda. Ndugu zetu wengi wako Marekani, na Minnesota hasa imejaa watu wa Kisii na Nyamira, hata haliwi jambo la ajabu mtu kumwomba kaka au shemeji amtumie kinanda cha santuri cha huko, ambako ni vingi na bei yake ni nafuu. Kabla hajakinunua, mwambie asome kibandiko cha nyuma. Stima ya Marekani ni volti 120, na yetu ni 240, na hilo kila fundi anajua kulitibu kwa transfoma. Lisilotibika kwa transfoma ni kwamba umeme wa kwao hupiga mara 60 kwa sekunde na wetu mara 50, na mota za vinanda vingi vya zamani hufuata mpigo huo katika kuzunguka. Kinanda kama hicho kikiletwa Ekerenyo kitazunguka polepole kwa sehemu moja katika sita, na wimbo utashuka kiasi cha mwimbaji wa kike kudhaniwa mwanamume. Fundi wa redio atabadilisha transfoma mara mbili, atapokea ujira mara mbili, na wimbo utabaki vile vile, kwa kuwa dawa yake ni kubadili kapi ya mota au kuchagua tangu awali kinanda kinachojiongozea mwendo chenyewe bila kutegemea mpigo wa stima.

Vile vinanda vipya vya mkoba, vyenye spika ndani, vipendezavyo macho na kuuzwa kwa bei ya kuvutia, sivipendekezi kwa sahani za urithi: vichwa vyake vingi hukandamiza mfuo kwa gramu tano au sita, ilhali kinanda chema huridhika na mbili au pungufu, na sindano yake mara nyingi ni ya yakuti, si ya almasi, hivyo huisha upesi, na ikiisha hugeuka patasi. Kinanda kilichotumika cha miaka ya 1970, chenye uzani wa mkono unaoweza kurekebishwa na sindano mpya ya almasi, ni bora kuliko kipya cha mkoba. Ukikiunganisha moja kwa moja na sabufa ya nyumbani, utasikia sauti nyembamba na dhaifu, na utadhani umetapeliwa. Hukutapeliwa, bali sahani huchongwa kwa kupunguza sauti nzito na kuzidisha zile kali, kwa kanuni iliyoenea tangu mwaka 1954, na lazima kiwepo baina ya kinanda na sabufa kifaa kidogo cha kukuza sauti na kuirejesha mizani yake. Uliza duka lolote la vyombo vya muziki kifaa cha kinanda cha santuri, watakielewa. Tena usikiweke kinanda juu ya kabati moja na sabufa, kwa maana mtikiso wa sabufa huirudia sindano na sauti ikaanza kunguruma. Kwetu dawa ni rahisi kuliko huko Ulaya wanakouza meza maalumu: bamba zito la jiwe la Tabaka, lile lile wachongalo vinyago, likilazwa juu ya vipande vinne vya tyubu ya gari, litakuwa kitako ambacho mabishoo wa London wangekionea wivu.

Ukiisha kuwa na kinanda safi na sahani safi, cheza mara moja kwa nia ya kunakili, kisha ipumzishe sahani. Pitisha waya kutoka kwenye kikuza sauti hadi kwenye kompyuta, na programu za bure za kurekodi zipo. Hifadhi kwa faili ya WAV, si MP3, hata ikikugharimu nafasi. Faili za MP3 za kutumiana zitatolewa humo baadaye, lakini kilichotupwa hakiokotwi. Usishawishike kufuta mchakacho wote kwa programu, kwa kuwa programu hizo, zikitumiwa kwa pupa, huondoka na matoazi na pumzi ya mwimbaji. Weka faili moja isiyoguswa, nyingine uisafishe utakavyo. Katika sahani ndogo za hapa kwetu wimbo mmoja aghalabu umegawanywa pande mbili, maneno upande wa kwanza na magitaa kuchemka upande wa pili; nakili pande zote mbili, uziite sehemu ya kwanza na ya pili, wala usizigandishe pamoja kwa kukisia mahali pa kuungana.

Kisha piga picha karatasi ya katikati ya kila upande, maana juu yake yameandikwa jina la mtunzi, la bendi na la kampuni, na ukiinamisha sahani kwenye mwanga utaona pia nambari iliyochorwa kwa mkono katika ukingo mtupu unaoizunguka karatasi. Ipige picha hiyo nayo, kwa kuwa ndiyo itakayomwezesha mjuzi kutambua sahani hata karatasi ikibanduka. Na hapa ndipo mama mzee anapohitajiwa kuliko fundi. Mkalishe karibu, mchezee nakala, urekodi na maneno yake: nani alipiga gitaa, wimbo ulitungwa kwa sababu ya kisa gani, ulichezwa arusi ya nani. Kibandiko hakina habari hizo, wala kampuni yoyote ya ng'ambo haitakuuzia.

Tarakimu nazo zina maradhi yake, na aliyedhani kwamba faili haifi ameghururika. Flashi hufa ghafla bila kuugua. Simu hupotea stendi. Na wimbo unaousikiliza kwa bando katika programu za kulipia huondolewa siku mwenye haki na mwenye programu wanapokosana, nawe huna la kudai, kwa sababu hukununua wimbo bali ruhusa. Basi nakala ziwe tatu: moja katika kompyuta ya nyumbani, ya pili katika diski ya nje iliyowekwa nyumba nyingine, na ya tatu kwa yule shemeji wa Minnesota, ambaye hii ni kazi nyepesi kuliko kutuma kinanda. Kila baada ya miaka michache zifungue, uhakikishe zasomeka, uzihamishie chombo kipya.

Kwa yule ambaye hana sahani za urithi na anataka tu kusikia muziki mzuri, nasaha yangu ni fupi: weka fedha katika spika, ununue nyimbo zako katika faili zisizobanwa, na uyaache haya ya santuri. Ila kama wapenda kushika, kusoma jalada, na kuinuka kila baada ya dakika chache kugeuza upande, hiyo ni anasa halali, mradi ujue kwamba ni anasa na usimwambie jirani kwamba umenunua ukweli wa sauti.

Na warithi wakiafikiana kuuza, wasimpe mpita njia sanduku zima kwa bei ya jumla. Huko Kenyatta Market, Nairobi, Jimmy Rugami amefanya biashara ya santuri kwa miaka mingi, na kwake au kwa wenziwe mtajua bei za kweli kabla ya kukata shauri. Msishangae mkiambiwa kwamba ile sahani kubwa ya Jim Reeves, aliyoipenda marehemu, haina bei, kwa sababu Kenya nzima ilikuwa nayo, na kile kisahani cha Kigusii kisicho na jalada ndicho kitafutwacho. Nakilini kwanza, uzeni baadaye. Na mnunuzi akitaka mumwandikie kwamba amepewa pia haki ya kuutoa wimbo upya au kuupandisha kwenye intaneti, msitie sahihi, kwa kuwa haki hiyo haimo sandukuni: sheria ya Kenya humwachia mtunzi na warithi wake haki ya wimbo hadi miaka 50 baada ya kufa kwake, na alichokuwa nacho baba yenu ni sahani tu.